Ngoma ya Ahaggar na Nafaka ya Takama

Ziko historia ambazo husimuliwa kwa uzuri mwingi mno hata msomaji husahau kuuliza ni nani aliyekuwa akiteka maji na kutwanga nafaka wakati mashujaa walipokuwa wakipigana. Historia ya Watuareg wa milima ya Ahaggar, kusini ya nchi ya Algeria, ni mojawapo. Wasafiri na maaskari wa Ulaya walioandika habari zao waliona wanaume warefu, nyuso zimefunikwa kwa vitambaa vya rangi ya nili, juu ya migongo ya ngamia. Wakaona wanawake wasiofunika nyuso wakipiga zeze la uzi mmoja penye mahema ya ngozi. Wakarudi kwao na kuandika vitabu kama watu walioota ndoto. Mimi nami nilivutwa na vitabu hivyo tangu ujana wangu, wala sina nia ya kuvidharau. Walakini kila nilipozidi kusoma nilizidi kuona ya kuwa shirikisho hili la makabila lilikuwa na historia mbili, moja ya ngoma na moja ya mbuzi, na ya kuwa ile ya pili haikupata wasimulizi wengi. Ni hiyo ya pili nitakayo kuiweka mbele ya msomaji, pamoja na ile ya kwanza, maana haziwezi kutengana.

Nitaanza na nchi yenyewe. Ahaggar ni majabali meusi katikati ya Sahara, mengi yao yamezaliwa na moto wa chini ya ardhi. Kilele chake kikubwa, Tahat, kimepita urefu wa mita 2,900. Mvua huja ipendapo. Huenda mwaka ukapita, au miwili, bonde lisione tone, kisha mafuriko yakashuka usiku mmoja na kuzoa hema na mbuzi. Wakati wa baridi maji huganda viribani. Hata hivyo milima hii hupata maji zaidi ya jangwa linaloizunguka, na ndiyo sababu watu wakakaa. Huitwa Kel Ahaggar, na neno kel katika lugha yao maana yake ni watu wa mahali au wa jambo fulani. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita katika nchi hii mwaka 1353 akirejea kwao Moroko kutoka safari yake ya Mali. Hakuwasifu wenyeji. Aliandika ya kuwa mmoja wa wakuu wao aliuzuia msafara mpaka akapewa nguo na vitu vingine, na ya kuwa wasafiri walisalimika kwa sababu ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ambao watu hao hawakunyang'anya ndani yake. Habari hii ndogo hunifurahisha kila niikumbukapo. Yaonyesha ya kuwa hata unyang'anyi wa Ahaggar ulikuwa na adabu na kalenda yake.

Kuhusu asili yao, Kel Ahaggar wenyewe husimulia hivi. Mwanamke mmoja mtukufu, jina lake Tin Hinan, alitoka Tafilalt, kusini ya Moroko, amepanda ngamia mweupe, akifuatana na mtumishi wake wa kike aliyeitwa Takama na watumwa kadhaa. Njia ilikuwa ndefu, chakula kikaisha, njaa ikawashika hata wakakaribia kufa. Ndipo Takama alipoona chungu wakibeba punje za nafaka kuzipeleka matunduni mwao. Akashuka, akafukua yale matundu, akakusanya akiba ya chungu, akampelekea bibi yake. Wakala, wakapata nguvu, wakafika milimani. Huko Tin Hinan akazaa binti, Kella, na kutokana naye likatoka kabila la Kel Ghela, wenye kutawala. Takama akazaa mabinti wawili, na katika vizazi vyao wakatoka Dag Ghali na Ait Loaien na wengineo, makabila ya wachunga mbuzi na walipa kodi. Husemwa pia ya kuwa Tin Hinan aliwapa mabinti wa Takama mitende ya mabonde ya Silet na Ennedid, na vizazi vyao wakairithi. Wako wasimulizi wengine wasemao ya kuwa Tin Hinan alizaa mabinti watatu waliopewa majina ya wanyama, mmojawapo jina la sungura. Lakini hadithi ya Takama ndiyo iliyoenea.

Hapana shaka hadithi hii ilihifadhiwa ili kueleza kwa nini huyu hulipa kodi na yule huipokea. Kila taifa lina hadithi za namna hiyo, na aghalabu husimuliwa na mpokeaji. Jambo la ajabu ni kwamba wasimulizi wa Ahaggar hawakuificha ile nafaka. Wangeweza kusema ya kuwa Tin Hinan aliomba dua na mvua ikanyesha, au malaika alimletea mkate. Hadithi za wafalme hazina uhaba wa malaika. Hawakusema hivyo. Walisema ya kuwa mama wa watawala alikuwa hoi juu ya ngamia wake, akaokolewa na mikono ya mtumishi iliyofukua mchanga. Kwa hiyo katika hadithi ile ile inayohalalisha utawala wao limo deni ambalo halikulipwa kwa mitende ya mabonde mawili.

Mwaka 1925 msafara wa Wamarekani na Wafaransa ulioongozwa na Byron Khun de Prorok ulichimba jengo la mawe la kale huko Abalessa, magharibi ya Tamanrasset, mahali ambapo wenyeji husema ya kuwa ndipo lilipo kaburi la Tin Hinan. Wakakuta mifupa ya mtu aliyelazwa kwa heshima juu ya kitanda cha mbao, mikononi ana bangili za dhahabu na za fedha, pamoja na taa ya Kirumi. Maurice Reygasse akaendelea na uchimbaji mwaka 1933. Wataalamu wakalihesabu kaburi kuwa ni la karne ya 4 au ya 5. Basi kama aliyezikwa pale ni Tin Hinan, hakuweza kuwa Mwislamu kama baadhi ya wasimulizi wanavyomfanya, maana Mtume alikuwa hajazaliwa. Hilo halinisumbui. Hadithi husogeza karne kama mtu asogezavyo mkeka, akitafuta mahali penye kivuli.

Sasa nije kwenye ngoma. Mamlaka ya Kel Ahaggar yalikuwa katika ngoma kubwa iitwayo ettebel, ambayo ilikaa penye hema la mkuu. Neno hilo hilo lilitumika kwa ngoma yenyewe, kwa utawala, na kwa kundi la makabila yaliyo chini ya utawala huo. Katika karne ya 18 shirikisho liligawanyika likawa na ngoma tatu: ya Kel Ghela, ya Taitoq na ya Tegehe Mellet. Kila ngoma ilikuwa na kabila lake la waungwana na makabila yake ya raia, na juu ya wote alikuwako mkuu mmoja, amenokal, aliyetoka kwa Kel Ghela. Nimetumia neno letu la waungwana kwa makusudi, maana lina kiburi kile kile na wema ule ule uliokuwamo katika neno lao.

Haki ya kushika ngoma haikupita kwa baba. Mtu aliitwa kwa jina la baba yake, na neno ag katika majina yao maana yake ni mwana wa. Lakini ngoma ilifuata tumbo. Amenokal alipokufa hakurithiwa na mwanawe, bali na ndugu yake wa mama mmoja, au mwana wa dada ya mama yake, au mwana wa dada yake mwenyewe. Hema lilikuwa mali ya mke. Ndoa ikivunjika, mume ndiye aliyetoka na kutafuta pa kulala. Zeze lao, imzad, lilipigwa na wanawake peke yao, na kijana aliyekimbia vitani alijua ya kuwa katika mikusanyiko ya jioni hapatakuwa na mwanamke wa kumpigia. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiweka sanaa hiyo ya imzad katika orodha ya urithi wa wanadamu kwa maombi ya Algeria, Mali na Niger. Mimi sijui adhabu ya vita iliyo nyepesi kutajwa na nzito kubebwa kuliko kunyimwa wimbo.

Lakini waungwana walikuwa wachache, na uungwana hauliwi. Chini yao walikuwa Kel Ulli, ambalo maana yake ni watu wa mbuzi. Hao ndio wazao wa Takama na wenzao. Walichunga mbuzi mabondeni, walilipa kodi kila mwaka, na mwungwana alipopita kambini kwao walimpa maziwa na siagi. Yeye alikuwa na ngamia na upanga. Kazi yake ilikuwa kuwalinda, kuteka mifugo ya maadui, na kutoza misafara iliyopita. Kulikuwa na haki katika mapatano hayo. Mlinzi aliyeshindwa kulinda alipoteza heshima, na mara nyingine alipoteza kodi pia. Chini ya Kel Ulli walikuwa watumwa, walioletwa au waliotekwa kutoka nchi za kusini ya jangwa, na watoto wao. Hao ndio walioteka maji, waliotwanga, waliochunga, waliotafuta kuni mahali ambapo mti ni kitu cha kustaajabiwa. Mtumwa alimwita bwana wake baba, na bibi yake mama. Iko desturi moja ambayo nimeifikiri sana: mtumwa aliyemchoka bwana wake aliweza kwenda kwa siri kukata sikio la ngamia wa mtu mwingine ambaye alimwona kuwa mwema zaidi. Mwenye ngamia akadai fidia, na fidia ikawa ni yule mtumwa mwenyewe. Hivyo mtu asiyekuwa na hiari ya jambo lolote alijichagulia bwana kwa kisu kidogo na sikio la mnyama. Waandishi wengine huitaja desturi hii kama ushahidi wa upole wa utumwa wa Ahaggar. Mimi naiona kama ushahidi wa akili ya watumwa.

Hapa sina budi kusema neno la nafsi yangu, ili msomaji ajue ni jicho gani linalosoma. Mama wa bibi yangu alikuwa mtumwa. Nyumbani kwetu nasaba ilihesabiwa kwa upande wa baba, jina juu ya jina, hata majina saba, na watoto tulifundishwa kuyasoma kama sura ya Kurani. Jina lake yeye halikuwamo. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, ndipo shangazi yangu mmoja aliponiita pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba anaungama wizi, ya kuwa mwanamke huyo ndiye aliyewalisha watoto wa nyumba ile katika mwaka wa njaa kwa mizizi aliyoijua yeye peke yake, kwa kuwa ilikuwa mizizi ya kwao alikotoka. Basi nilipomkuta Takama katika kitabu, na chungu wake, na nafaka yake, sikumsoma kama mgeni. Nilijiuliza pia jambo ambalo sijaacha kujiuliza: Watuareg walimpa mama heshima ambayo wengi wetu hatukumpa, wakafuatisha ufalme wao kwa tumbo lake, lakini je, ni kila mama? Nasaba ya Kella ilipewa ngoma. Nasaba za mabinti wa Takama zilipewa mbuzi. Na mama wa mtumwa hakupewa hata nasaba.

Katika karne ya 19 hali ilianza kugeuka, wala si Wafaransa walioigeuza kwanza. Amenokal El Hadj Ahmed, aliyetawala mpaka mwaka 1877, alitia bidii katika kilimo, na wakulima weusi wa Tuat na Tidikelt wakaja kulima mabonde ya Ahaggar. Mapatano yalikuwa ya fungu la tano: mwenye ardhi, maji na mbegu alichukua mafungu manne ya mavuno, na aliyelima akabaki na moja. Kel Ulli nao walijipatia ngamia na silaha, wakaanza kwenda safari zao wenyewe. Kuelekea mwisho wa karne hiyo misafara ilibeba chumvi ya Amadror, kaskazini-mashariki ya milima, ikaipeleka mpaka Damergu, katika nchi ambayo leo ni Niger, ikarudi na uwele. Watu wa mbuzi wakawa watu wa ngamia. Na mlinzi hupungua thamani mara alindwaye anaponunua upanga.

Kisha wakaja Wafaransa. Tarehe 16 Februari 1881 Kanali Paul Flatters, aliyetumwa kupima njia ya reli ya kukata Sahara, aliuawa pamoja na wengi wa watu wake penye kisima cha Bir el-Garama, na waliosalia wakateseka kwa njaa na kwa tende zilizotiwa sumu walipokuwa wakirudi kaskazini. Kwa miaka 20 hivi hakuna jeshi lililothubutu kuijia milima. Amenokal Ahitaghel alikufa mwaka 1900, na wagombea wawili, Attici ag Amellal na Mohammed ag Ourzig, wakashindania ngoma. Yasemwa ya kuwa mtu mmoja wa dini aliamua shauri kwa kupasua kitambaa cha kilemba vipande viwili, akampa kila mmoja kipande chake. Sijapata kusoma hukumu iliyompendeza kila mtu kwa siku moja na kuwadhuru wote kwa miaka.

Tarehe 7 Mei 1902 Luteni Cottenest, akiwa na askari wapatao 130 wapanda ngamia, wengi wao Waarabu wa jangwani, alipigana na Kel Ahaggar katika kijiji cha Tit. Watuareg walikuja na panga, mikuki na bunduki chache za kale. Walikabiliwa na bunduki za kisasa. Walikufa karibu 100, na upande wa pili walikufa watatu. Vitabu husema ya kuwa siku hiyo ndiyo uliyovunjika uwezo wa waungwana wa Ahaggar. Maneno hayo ni kweli, lakini yanapita haraka juu ya maiti. Wengi wa waliolala Tit walikuwa watu wa Kel Ulli, na hasa Dag Ghali. Yaani wazao wa Takama walikwenda kuifia ngoma ya wazao wa Tin Hinan. Kambi za mbuzi zililia zaidi ya kambi za ngoma. Ningekuwa mwandishi wa vitabu vya shule, sentensi hiyo ningeiandika kabla ya jina la Luteni.

Baada ya Tit alitokea Moussa ag Amastan, mtu aliyejua kusoma upepo. Mwaka 1904 alifika In Salah kufanya amani na Wafaransa, na mwaka 1905 wakamtambua kuwa amenokal. Alizuia unyang'anyi, akahimiza kilimo, akafika Ufaransa mwaka 1910, akatunga mashairi. Alimpenda Dassine, mpiga imzad na mtunzi mashuhuri, naye Dassine akaolewa na mwingine. Habari hiyo imeandikwa na watu wengi, nami sitaiongeza. Padri Charles de Foucauld alikaa Tamanrasset tangu mwaka 1905 hata alipouawa tarehe 1 Desemba 1916, naye aliandika kamusi kubwa ya lugha ya Ahaggar ambayo ilichapishwa kwa ukamilifu katika mabuku manne mwaka 1951 na 1952. Moussa akafa mwaka 1920. Katika miaka hiyo yote ya amani ya Wafaransa, watumwa waliendelea kutwanga. Ufaransa ilikuwa imeufuta utumwa katika Algeria tangu mwaka 1848, lakini sheria hiyo haikupanda milima. Serikali ilihitaji urafiki wa waungwana, na bei ya urafiki huo ililipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Wafaransa hawakuondoka bila kuacha alama. Kuanzia mwaka 1961 hata 1966 walilipua mabomu ya atomiki 13 ndani ya mlima Taourirt Tan Afella, huko In Ekker, kaskazini ya Tamanrasset. Tarehe 1 Mei 1962 mlipuko mmoja ulipasua mwamba, na wingu la sumu likatoka nje. Wachungaji wa mabonde hayo hawakuwa na ngoma ya kuwaonya.

Algeria ilipata uhuru mwaka huo huo wa 1962. Amenokal wa wakati ule, Bey ag Akhamouk, akawa makamu wa rais wa Bunge katika mji wa Algiers, ambako pia mifupa ya Abalessa imelazwa katika jumba la makumbusho la Bardo. Alifariki mwaka 1975. Serikali mpya ilitangaza ya kuwa utumwa umekwisha, na watumwa wengi waliondoka kambini kwenda Tamanrasset na vijijini kutafuta kazi ya mshahara. Wako waliobaki, ama kwa mazoea, ama kwa mapenzi, ama kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Katika mahema mengi watu ambao hawakupata kushika mchi maishani mwao walijifunza kutwanga. Na yale mapatano ya fungu la tano yakafutwa. Ardhi ikahesabiwa kuwa ya yule anayeilima. Mkulima wa bondeni, ambaye baba yake na babu yake waliyapima mavuno mara tano na kubaki na kipimo kimoja, alivuna ngano yake, akaipakia juu ya punda, akaipeleka yote nyumbani kwake.